MREJESHO: Diski ya zamani yenye sekta mbovu kwenda SSD

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza jinsi ya kunakili diski ya GB 500 inayokufa kwenda SSD ya TB 1. Clonezilla (programu ya kunakili diski) iligoma kwenye sekta mbovu, yaani sehemu za diski zisizosomeka, nikafuata ushauri wenu wa kutumia ddrescue, programu ya Linux ya kuokoa data kwenye diski mbovu. Hakikisha majina ya diski kwa lsblk, amri inayoziorodhesha (kwangu sda ni ya zamani, sdb ni SSD), kisha:

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.log

Halafu rudia kwa -r3 (ijaribu tena sekta mbovu mara tatu) bila -n (inayoruka sehemu ngumu). Faili la ramani (ramani.log, linaloweka kumbukumbu ya kilichokwisha nakiliwa) liwe kwenye flashi, si kwenye RAM inayofutika umeme ukikatika: umeme ulikatika hapa Jinja, na amri ileile ikaendelea ilipoishia.

Windows inawaka. Picha kadhaa hazikupona, nusu ya chini ni kijivu tupu. C (sehemu yenye Windows) ilikataa kupanuka kujaza SSD mpaka GParted, programu ya kugawa diski, iliposogeza sehemu ya urejeshaji ya Windows hadi mwisho wa diski.