Nimeangalia "Threads" nikiwa Sheffield kwenyewe, sasa usingizi umenipaa. Mnaishije na hofu hii?

MamaWawili

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko Sheffield, Uingereza, mwaka wa sita huu. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Sasa hivi ni saa tisa usiku, wazee wamelala, nimekaa hapa koridoni na jambo ambalo nikimweleza mume wangu ananijibu, "acha kuangalia mavideo."

Wiki tatu zilizopita mwanangu mkubwa, ana miaka 13, alinifuata jikoni na simu yake. Vipande vya video: ramani, duara jekundu, bomu la nyuklia likidondoka London wanakufa wangapi, Manchester wangapi. Nikamnyang'anya simu. Kesho yake nikamsimulia mfanyakazi mwenzangu, mama mtu mzima wa hapa hapa, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kuna filamu ilipigwa mji huu huu, aliiona akiwa binti wa shule na mpaka leo haijamtoka. Inaitwa Threads. BBC waliionyesha Septemba 23, 1984. Jumamosi, watoto wamelala, nikaitafuta, nikaiangalia peke yangu.

Sikujua kitu kama kile kinaweza kurushwa kwenye televisheni ya taifa. Shujaa hayumo. Yumo binti anaitwa Ruth, ana mimba, na mchumba wake Jimmy, wanahangaika na makazi na wazazi. Redio inasema Wamarekani na Warusi wamekorofishana huko Iran, na watu hawasikilizi vizuri kwa sababu kila mtu ana mambo yake. Halafu asubuhi moja unapigwa uwanja wa ndege za kivita wa Finningley, kama kilomita 30 hivi kutoka hapa, na lile wingu la uyoga linaonekana kutoka mtaa wa The Moor.

Jamani, The Moor ndiko ninakonunua samaki. Mama mmoja amesimama pale, ameinua uso, na mkojo unamtoka, unashuka miguuni mpaka kwenye viatu. Kamera inashuka nao. Maiti na moto niliviona baadaye, vingi tu, lakini kinachonirudia ni viatu vya yule mama. Alikuwa amevaa kama mtu aliyetoka kwenda sokoni.

Na Ruth anajifungua peke yake bandani, mbwa anabweka nje. Hapo nilisimamisha, nikaenda kuwaangalia wanangu wanavyohema.

Tangu siku hiyo ndege ikipita chini chini naanza kuhesabu. Nimenunua makopo 24 ya maharage na katoni nne za maji, nimevificha chini ya ngazi, mume wangu hajui. Nasoma Ayatul Kursiy, nalala saa moja, naamka moyo unanidunda. Halafu juzi asubuhi mwanangu, anafunga kamba za viatu, akaniuliza bila hata kuniangalia: "Mama, tukifia huku nani atatupeleka Tanga kuzikwa?" Nilikosa la kusema. Nikamwambia wahi, utachelewa shule.

Kwa hiyo nauliza kwa dhati. Niache kabisa filamu za namna hii, au kujua ndiyo nafuu? Na mtoto nimwambie nini ambacho si uongo?

Kijana_wa_Gerezani

Dada pole. Mimi nakwambia kama ndugu: hao wanauza hofu. Filamu ya miaka arobaini, watu wenyewe waliocheza wamezeeka. Futa, usiangalie tena, lala. Bomu likija halikuulizi kama uliangalia filamu.

Mwl_Fizikia_Mombasa

Pole sana dada. Ndugu yangu hapo juu, naelewa unataka alale, lakini kuuza hofu siyo. Naifundisha fizikia mwaka wa kumi na saba sasa, na ile filamu nimeiona mara mbili. Mwandishi wake, Barry Hines, ni mtu wa maeneo hayo hayo ya Yorkshire, na mwongozaji, Mick Jackson, alikaa na wanasayansi kabla ya kushika kamera. Yale ya moshi kuziba jua na mazao kufa yalitokana na utafiti uliochapishwa Desemba 1983, mmoja wa waandishi wake ni Carl Sagan. Dada hukutishwa na uongo. Umetishwa na kitu cha kweli, ndiyo maana mtu kukwambia "sahau" hakukusaidii.

Ila kuna jambo filamu ile haikuweza kulionyesha, kwa sababu wakati inatengenezwa karibu hakuna aliyelijua nje ya jeshi la Kisovieti. Nalisimulia darasani kila mwaka.

Usiku wa kuamkia Septemba 26, 1983, mwaka mmoja kasoro siku chache kabla ya filamu kuonyeshwa, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu kwenye handaki la Serpukhov-15, kusini mwa Moscow. Kazi yao ilikuwa kupokea habari kutoka satelaiti zilizokuwa zikichungulia makombora ya Marekani. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya: tarehe 1 mwezi huo huo Wasovieti walikuwa wametungua ndege ya abiria ya Korea, watu 269 wakafa. Mara king'ora kikalia na maandishi mekundu yakawaka: kombora limerushwa. Likafuata la pili, la tatu, la nne, la tano. Kompyuta ikasema uhakika ni wa juu kabisa.

Wajibu wake ulikuwa kupiga simu juu. Alipiga, lakini alichoripoti ni kwamba mtambo una hitilafu. Hakuwa na ushahidi kamili. Alijiuliza: mtu anayeanzisha vita vya kumaliza dunia ataanzaje na makombora matano? Tena mtambo ulikuwa mgeni, haujazoeleka, na rada za ardhini hazikuona chochote. Baadaye ikagundulika satelaiti zilidanganywa na mwanga wa jua uliogonga mawingu ya juu.

Na mwisho wa hayo yote wakubwa wake walimkaripia kwa kutojaza daftari la zamu. Alikuwa ameshika simu mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, angeandikia wapi?

Mtoto wa miaka 13 anaweza kusimuliwa hilo. Si uongo na si hadithi ya kumbembeleza. Mwambie pia kwamba mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia kama 70,000, leo viko kama 12,000. Havikupungua vyenyewe, watu walikaa mezani. Bado ni vingi kupita kiasi, hilo nalo usimfiche.

Mzee_Kilosa

Hamjambo wanangu. Huyu kijana anayesema filamu haisaidii kitu, nimsahihishe kwa upole. Novemba 20, 1983, Wamarekani wapatao milioni 100 waliangalia usiku mmoja filamu inaitwa The Day After, mji wa Lawrence, Kansas, unateketea. Rais wao Reagan aliiona kabla yao, Oktoba, akaandika kwenye shajara yake kwamba imemwacha na huzuni kubwa. Desemba 1987 akatia saini na Gorbachev, kiongozi wa Wasovieti, kuondoa makombora ya masafa ya kati, yakaharibiwa 2,692. Sisemi filamu ndiyo iliyotia saini. Nasema mtu mwenye ufunguo aliumwa moyo kama mama huyu alivyoumwa. Mkataba huo ulikuja kufa mwaka 2019, nalo ni la kusikitisha.

Sisi huku bara filamu hizo hatukuziona. Televisheni ilitufikia mwaka 1994. Tulikuwa na Redio Tanzania. Mimi nilikuwa karani wa ushirika, tuna redio moja ya betri ofisini, betri zikichoka tunazianika juani kwenye bati. Mwezi Mei 1984, nchi imepoa kwa msiba wa Waziri Mkuu Sokoine, arobaini yake ndiyo inafika, tukasikia Mwalimu Nyerere na viongozi wengine watano wametoa tamko la pamoja: Indira Gandhi wa India, Palme wa Sweden, Alfonsín wa Argentina, de la Madrid wa Meksiko na Papandreou wa Ugiriki. Wanayataka mataifa yenye silaha za nyuklia yasimamishe majaribio na utengenezaji, wapunguze. Januari 1985 wakakutana Delhi. Indira alikuwa ameshauawa, kiti chake amekalia mwanawe Rajiv.

Nakumbuka mwenyekiti wetu wa ushirika akauliza, sisi na mahindi yetu yanatuhusu nini? Mwenzetu mmoja, alikuwa amesoma soma, akamwambia: moshi wa miji yao ukifunika jua, wewe masika utayatoa wapi? Yule mwenyekiti alitoka nje akasimama akiangalia mawingu. Mimi hofu ya nyuklia niliipata siku hiyo, mwanangu, kwa hiyo usijione wa ajabu.

Na kwa kuwa mjukuu wangu anauliza kuhusu Tanga, mwambie huku kuna mkataba. Unaitwa Pelindaba, ulitiwa saini Cairo Aprili 11, 1996, Afrika isiwe na silaha hizo. Ulianza kufanya kazi Julai 15, 2009, Burundi ilipouridhia ikiwa nchi ya 28. Afrika Kusini ilikuwa imeunda mabomu sita, ikayavunja yenyewe.

Mutoto_ya_Likasi

Jambo mama, jambo wazee. Mimi niko wa Likasi, Kongo. Mnisamehe Kiswahili, huku kwetu tunakisema kivyetu.

Nasoma mnasema Sheffield, Moscow, Kansas. Shinkolobwe, mgodi wa urani, iko karibu na hapa kwetu. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka humo. Jiwe lake lilikuwa tajiri kupita yote duniani: migodi ya Marekani na Kanada ilitoa jiwe lenye urani chini ya asilimia moja, la Shinkolobwe lilifika asilimia 65. Kabla ya Wamarekani hata kuomba, tani zaidi ya 1,000 zilikuwa zimeshalala ghalani New York.

Nkambo wangu, babu kama mnavyosema, alichagua mawe hayo kwa mkono. Alituambia yalikuwa mazuri, jeusi lina michirizi ya manjano na kijani kama manyoya ya kasuku, watoto waliyataka ya kuchezea. Hakuna aliyemwambia linakwenda wapi. Alijua miaka mingi baadaye, kwa redio, alikuwa mzee, akaangalia vidole vyake hivi. Hakusema kitu siku ile, na chakula hakula.

Mama, sikuandikii hii ili nikuongezee hofu. Nataka mtoto wako ajue kwamba hofu hii si ya wazungu tu, sisi hatukuiazima. Ina mkono wetu ndani. Filamu ya nkambo wangu hakuna aliyeipiga.

MamaWawili

Shikamoo mzee. Mwalimu, kaka wa Likasi, na wewe kijana, ahsanteni. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nayasoma kidogo kidogo kwenye zamu.

Pale kwenye daftari la zamu nililia. Mimi usiku kucha najaza daftari: saa nane kageuzwa ubavu, saa tisa kanywa maji, saa kumi kaamka kamwita marehemu mumewe. Tunaambiwa lisiloandikwa halikufanyika. Kumbe huyo mtu alikuwa zamu kama mimi, macho mazito kama yangu, na yeye ndiye aliyesema hapana, hebu tungoje.

Jumapili nilimkalisha mwanangu jikoni nikamsimulia yote. Nilianza na nkambo wa Likasi, nikaja kwa Nyerere na wenzake, mwisho Petrov. Nilimwambia kweli kwamba mama naye anaogopa, na kwamba hayo makopo chini ya ngazi ni yangu (alikuwa ameshayaona zamani, kumbe ananisitiri). Kuhusu kuzikwa nikamwambia sijui, ila Desemba tunakwenda Tanga tukiwa wazima, bibi yake ameshaanza kumfuga jogoo. Akauliza anaitwa nani huyo jogoo.

Zile video za ramani amezifuta mwenyewe. Mimi Threads siirudii, imetosha, lakini sijuti kuiona. Jana nimepita The Moor kununua samaki. Nilisimama kidogo pale pale, nikaangalia juu, kisha nikaingia sokoni. Usingizi bado haujakaa sawa, nimepanga kumwona daktari wiki ijayo.

Mwalimu, mwanangu ana swali na hataki nimjibu kwa kubahatisha. Petrov baada ya kukata simu alingoja muda gani mpaka akajua kwa hakika kwamba hakuna kombora?

Mwl_Fizikia_Mombasa

Kwa maelezo yake mwenyewe alipohojiwa miaka mingi baadaye, dakika 23.