Tupeane uzoefu: yule buibui mkubwa wa ukutani, wa kwako ni yupi?

Mtoa mada: Wakuu, jana umeme umerudi usiku, nawasha taa ya jikoni nakuta buibui mpana kama kisosi kajibandika juu ya jiko la gesi. Mama watoto kakimbilia kwa jirani. Jirani anasema hao hawategi utando, wanawinda kwa miguu, tena wako aina aina. Mnawatofautishaje? Nipo Tanga.

Mzee wa Stoo: Mtazame usoni. Ukiona mstari wa rangi ya maziwa chini ya macho, kama masharubu, huyo ni Heteropoda venatoria. Kasambaa nchi za joto zote kwa kudandia mizigo ya meli, ndizi hasa. Dume ana miguu mirefu na kiwiliwili chembamba. Jike akiwa na mayai huyabeba chini ya kifua, kwenye kifuko bapa cha mviringo kama biskuti. Stoo kwangu ninao wawili, mende nimewasahau.

Bi Mkubwa Kisauni: Mie miaka yote nikidhani ni huyo, kumbe sivyo. Wangu ni bapa kama chapati, hujipenyeza nyuma ya saa ya ukutani. Nikampiga picha, nikaikuza: macho sita safu moja mbele, mawili nyuma. Huyo wa stoo ana safu mbili, nne nne. Wangu ni Selenops, ukoo mwingine kabisa. Na vile viduara vyeupe kama karatasi ukutani ndiyo mayai yake. Fundi alivipaka rangi juu kwa juu!

Mbongo Durban: Huku kuna Palystes, wenyeji humwita buibui wa mvua kwa vile huingia ndani mvua ikikaribia. Ukimchokoza huinua miguu ya mbele, chini yake ina milia ya njano na nyeusi. Jike hufuma fuko la mayai kwa majani makavu, kubwa kama ngumi, halafu analilinda. Nilikuwa napunguza michongoma nikaligusa. Alinirukia kwenye glavu, mkasi nikauacha hapo hapo hadi kesho yake.

Kigoma Mwisho wa Reli: Sawa, ila akikukojolea utajuta. Shangazi alitoka malengelenge ubavu mzima.

Nesi wa Zamu: Malengelenge ya ubavu mmoja, yenye maumivu ya kuchoma? Ndugu, huo ni mkanda wa jeshi, ni virusi vya tetekuwanga vilivyoamka. Wengine wamemponda yule mdudu mwembamba wa rangi nyeusi na chungwa anayefuata taa. Buibui anabebeshwa kesi za watu.

Mtoa mada: Nimerudi jikoni na tochi. Masharubu yapo. Biskuti nayo ipo. Mama watoto anauliza hapo watatoka wangapi?

Mzee wa Stoo: Hupita mia. Mwambie wachache.