Naomba ushauri: kikoa (anwani ya tovuti) cha biashara yangu kimesajiliwa kwa jina la fundi

Wakuu, salaam. Nauza asali na nta hapa Tabora mjini, mzigo mwingi unatoka Sikonge. Tuna tovuti ndogo ya .co.tz, na anwani yake imeshachapwa kwenye lebo za chupa zote, kwa hiyo kuiacha ni hasara.

Kijana aliyetutengenezea alisajili kikoa kwa jina na barua pepe yake. Sasa kahamia Dar, simu hapokei, WhatsApp tiki moja. Muda wa kikoa unaisha mwezi ujao. Nimeangalia Whois (orodha ya mtandaoni inayoonyesha kikoa ni cha nani), jina ni lake kweli. Msajili (kampuni inayosajili vikoa) anasema kuhamisha kunahitaji msimbo wa idhini, na msimbo hutumwa kwenye barua pepe iliyosajiliwa, yaani hiyohiyo ya kijana! Ninazo risiti za M-Pesa nilizomlipa, pamoja na cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara) chenye jina lilelile la tovuti.

Je, nyaraka hizo zinatosha kudai kikoa bila yeye kukubali, au nianzie TCRA (mamlaka ya mawasiliano)? Na nikilipia ada ya mwaka sasa hivi, napata muda wa kupambana, au namlipia yeye tu?