Mmezikata paketi wenyewe, halafu mnatulaumu Kigoma

Wakuu, nimevumilia wiki mbili, leo imetosha.

Mimi ni fundi wa mitambo ya simu hapa Kigoma. Simu zetu za kwenda Kasulu zinakatika hata kabla hazijaita. Wenzetu wa makao makuu wakatuma skrinishoti ya Wireshark, ile programu ya kusoma paketi (vifurushi vya data) zilizonaswa mtandaoni, karibu kila mstari unasema paketi mbovu, wakahitimisha kwamba mtambo wetu unarusha ishara zilizoharibika. Amri: badilisheni kadi. Nikaondoka usiku na mvua, nikang'oa kadi isiyo na tatizo lolote, nikarudi Mwanga saa kumi alfajiri na matope hadi magotini. Asubuhi simu zinakatika vilevile, na lawama vilevile.

Nikaomba faili lenyewe, siyo picha. Siku tatu naomba! Lilipokuja, kila paketi ina baiti 68. Jamani, pigeni hesabu ya vichwa, yaani matabaka ya anwani na maelezo yanayoufunika ujumbe: Etherneti 14, IP 20, kichwa cha SCTP 12, kichwa cha kipande chake cha data 16. Hapo tayari ni 62. Zimebaki sita, na kichwa cha M3UA, tabaka linalofuata, peke yake kinataka nane. ISUP, ujumbe wenyewe wa kupanga simu, ambako ndiko namba iliyopigwa inakokaa, haimo kabisa. Mmenitumia bahasha, barua mmebaki nayo. tcpdump za zamani, zile programu za kunasa paketi, zilikuwa zinakata hapo zenyewe usipoziambia, ndiyo maana fundi anaandika -s 0 ili apate paketi nzima. Wireshark yenyewe inakuandikia kwamba paketi ilikatwa wakati wa kunasa. Hakuna aliyesoma.

Faili la pili likaja zima. Kwangu likafunguka bila kosa hata moja. Kwao, faili lilelile, mbovu tupu. Nikampigia kijana mmoja wa huko, muungwana kwa kweli, nikamwambia mdogo wangu hebu nifungulie mipangilio ya MTP3 hapo, panapochaguliwa ishara za simu zisomwe kwa kiwango gani. Imewekwa ANSI! Ya Marekani! Sisi huku tunatumia ITU, kile cha kimataifa.

Tazameni IAM mojawapo, ule ujumbe wa ISUP wa kuanzisha simu, inaanza hivi: 01 00 60 01 0a 00 02. Hiyo 01 ya kwanza ndiyo IAM. 0a ni mpigaji wa kawaida. 00 inayofuata inasema njia inayotakiwa ni ya mazungumzo. ANSI haina baiti hiyo mahali hapo, kwa hiyo programu inaidhania ni kielekezi cha sehemu inayofuata, na kuanzia hapo inasoma kila kitu mahali kisipokuwepo hadi inashindwa na kuandika mbovu. Ujumbe ni mzima, msomaji ndiye kakosea. Hata namba ya saketi, yaani ya njia moja ya simu kati ya mitambo, ni biti 12 kwa ITU na 14 kwa ANSI, mtu aliyewahi kuzisoma angeshtuka mapema.

Na sasa linaloniuma zaidi. Baada ya kusoma vizuri, kila simu iliyokufa ina hadithi moja: IAM inatoka kwetu, REL, ujumbe wa kukata simu, inarudi kutoka kwao makao makuu, sababu namba 34. Hakuna saketi iliyo wazi. Kwao! Jibu lilikuwa kwenye faili lao zima, wangelisoma vizuri. Wiki zote hizo shemeji yangu anayenunua dagaa Kibirizi na kupeleka Kasulu hawapati wateja wake, na anayeulizwa ni mimi, kwa sababu mimi ndiye fundi anayemjua.

Nimewaandikia jana. Nataka saketi zikaguliwe upande wao, nataka ile ripoti inayotutaja Kigoma ifutwe kwa maandishi, na posho ya safari ile ya usiku ilipwe. Na kila faili litakalokuja huku lije zima, likiwa na maelezo ni ITU au ANSI na poti gani, maana siyo kila mtu anatumia 2905, ile ya kawaida ya M3UA.

Hadi naandika hapa hawajajibu. Kuna mwenzangu wa Tabora au kwingine aliyewahi kusukumiwa mzigo wa namna hii? Mliwabana vipi?