Naomba ushauri: nimekwama kwenye hatua ya weusi

Ndugu zangu, heshima kwenu. Tangu mama atangulie mbele ya haki nimekuwa nikisoma habari za alkemia, ile elimu ya kale ya kugeuza madini duni kuwa dhahabu; si ile ya kusaka utajiri, bali ya kusafisha nafsi. Carl Jung, tabibu wa akili wa Uswisi, aliiona kama picha ya safari ya ndani: kwanza weusi, yaani kuvunjika, kisha weupe, kutakasika, mwisho wekundu, kukamilika. Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, karne nyingi kabla yake, aliufananisha moyo na kioo kilichoshika kutu.

Juzi nilipeleka kwa sonara mkufu wa mama uliokatika. Alipouyeyusha, takataka zilipanda juu, nyeusi tii, chini dhahabu ikatulia inang'aa kama jicho. Nililia pale pale dukani.

Mimi weusi wangu umeingia mwaka wa pili. Aliyepita njia hii alianzia wapi: kuandika ndoto kila asubuhi, au dhikri na kuihesabu nafsi usiku? Na nitajuaje kama hii ni hatua ya safari, au ni sonona inayotaka daktari? Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.