Baba amegoma kula baada ya upasuaji, naona anaogopa mfuko

Binti wa Bahi
Habari zenu. Naomba msaada kwa mliowahi kuuguza. Baba yangu ana miaka 71. Wiki tatu zilizopita tulimtoa Bahi tumbo limejaa kama ngoma, siku ya nne hapati choo wala hewa haitoki. Hapa Dodoma mjini wakakuta utumbo umejisokota. Alipasuliwa usiku uleule, kipande kilichokufa kikakatwa, na sasa choo kinatokea tumboni upande wa kushoto, kinaingia kwenye mfuko. Daktari alisema utumbo utaunganishwa baadaye, akishapata nguvu.

Tangu tumlete kwangu Nkuhungu anakula vijiko vitatu vya uji wa uwele, anasema kashiba. Huyu ni mtu aliyekuwa akimaliza ugali wa mtama na mlenda anauliza kama kuna ukoko! Nilidhani ni dawa. Nikapika wali laini, nikachemsha kuku wa kienyeji, nikanunua zabibu. Juzi usiku nikamsikia anamwambia mama kwa Kigogo kwamba asipokula mfuko haujai, na usipojaa hatanisumbua. Nilikaa jikoni nikalia.

Mfuko nambadilishia mimi. Mama ana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Kaka yuko Geita. Mume wangu alijitolea, lakini baba avuliwe nguo na mkwe? Hilo hata sikumfikishia. Nikiingia na beseni anageukia ukutani, kashika shuka kwa mikono miwili. Hatuongei, na mimi na baba tulikuwa watu wa kuongea.

Ngozi nayo imeanza kuchubuka pembeni, nampaka mafuta ya mgando. Na mvua zikikaribia ndiyo kabisa, anataka arudi akalime. Nifanyeje?

Nesi Mstaafu
Pole sana mwanangu. Mafuta ya mgando acha leo. Mfuko haushiki kwenye mafuta, choo kinapenya chini yake na ndicho kinachomchubua. Safisha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, kausha kwa kugusagusa, kisha kata tundu la mfuko lilingane na utumbo, lizidi milimita 2 au 3 tu. Umwage ukifika theluthi, usingoje ujae, uzito ndio unaoubandua.

Ule utumbo unaouona nje ukiwa mwekundu na umelowa, ni mzima. Ukiugusa haumi. Ukigeuka mweusi au wa zambarau, au akitapika na mfuko ukakaa mtupu huku tumbo linajaa, msilale nyumbani, mrudisheni hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu chakula, mwambie ukweli: asipokula mfuko bado utapata choo na hewa, ila kidonda hakitafunga. Mpe kidogo mara sita kwa siku, yai, maziwa, samaki, na maji mengi. Akikohoa akumbatie mto tumboni. Atembee uani asubuhi na jioni. Jembe asiliguse, kitu kizito kinaweza kusukuma utumbo utokeze pembeni ya tundu.

Fundi Kizota
Mbukwa dada. Mimi niliishi na mfuko miezi minane, utumbo ukaunganishwa, leo napiga lipu. Ninachokwambia ni hiki: kilichoniuma zaidi ya mshono ni mke wangu kunisafisha huku naangalia dari. Nilipona moyo siku niliyopewa kioo kidogo nikaambiwa fanya mwenyewe. Nilikosea mara mbili shuka likachafuka, mara ya tatu nikaweza. Mpe baba kioo, mkalishe, wewe toka chumbani.

Una mtoto wa kiume? Babu na mjukuu ni watani, hawaoneani haya kama ninyi.

Mama Chang'ombe
Na shamba msimwambie "usiwaze". Mzee wa huku mvua ya Desemba ikimkuta kitandani anajiona kaisha. Tafuteni vibarua, yeye ndiye aseme wapi upandwe uwele na wapi karanga.

Binti wa Bahi
Asanteni, nimesoma nikirudia. Mwanangu wa kidato cha pili nilimweleza jana akitoka shule. Aliingia, akafunga mlango. Nikasikia anamwambia babu, "Leo nimekuja kukudai ile mbuzi yangu." Kisha kimya kirefu, kisha maji kwenye beseni, kisha baba akacheka. Sijasikia kicheko chake tangu Bahi.

Mjomba kapiga simu kuhusu vibarua, baba kaongea naye nusu saa, kagombana naye kuhusu mbegu. Usiku alikula yai na nusu bakuli la uji. Leo asubuhi kaniuliza kioo cha kunyolea kiko wapi. Nimemwekea juu ya stuli, nimetoka nje.

Nesi, ngozi bado nyekundu lakini haitoi maji tena. Kliniki ni Jumatatu. Nimwombe daktari nini kuhusu mifuko? Imebaki minne.