Tupeane uzoefu: chujio la maji ya kunywa kwa sisi wa nyumba za kupanga

Mpangaji wa Segerea
Wakuu, habari za leo. Niko na mama watoto na wanangu wawili, tumepanga chumba, sebule na jiko huku Segerea. Maji ya bomba yanatoka siku yakijisikia. Siku nyingine tunatumia ya simtanki la mwenye nyumba, nalo likikauka tunachangishana wapangaji wote tunaita boza. Kwa hiyo ukiniuliza nakunywa maji gani, inategemea umeniuliza siku gani.

Kilichonifikisha hapa ni hesabu. Dumu la kubadilisha la lita 18.9 hapa kwa jirani ni 4,000, na kwetu linakata siku mbili. Mwezi ukiisha, 60,000 tumeinywa. Tukajaribu kuchemsha, gesi ikawa haifiki tarehe ya mshahara, halafu kwa joto la Februari sufuria la maji ya moto ndani ya chumba ni adhabu nyingine.

Nimeenda Kariakoo nimerudi na kizunguzungu. Kuna ndoo mbili za plastiki zilizopandana, elfu 60 na kitu. Kuna za stenlesi, laki na nusu. Kuna mitambo ya kutundika ukutani yenye mitungi mitano, laki nne kwenda juu. Kila muuzaji anasema yake inatoa kila kitu. Naomba aliyetumia aseme, siyo aliyeuza. Masharti yangu: nisitoboe ukuta, nikihama nihame nalo, na lisizidi laki na nusu.

Mama Pacha
Kaka, mimi natumia hizo ndoo za kupandana mwaka wa tatu huu. Nyumba mbili nimehama nazo, zinapanda bajaji bila shida. Ndani ya ndoo ya juu kuna mawe mawili meupe kama vikombe vilivyofunikwa, maji yanapenya kwenye jiwe polepole, yanadondokea ndoo ya chini yenye koki. Najaza saa tatu usiku, asubuhi naamka ya chini imejaa. Polepole kweli, ukiwa na wageni utaaibika.

Lakini nikuambie lililonikuta, maana muuzaji hatakuambia. Miezi mitatu ya mwanzo pacha wangu waliendelea kuharisha vilevile. Nikalilaani chujio, nikataka kulirudisha. Siku moja nimekaa barazani namwona dada wa kazi anakinga maji kwenye koki kama kawaida, anamimina kwenye jagi. Watoto wakitaka kunywa wanachovya kikombe humo humo, mkono mpaka kwenye kifundo, mkono uliotoka kucheza kwenye mtaro. Maji tumeyachuja usiku kucha, tunayachafua kwa sekunde moja! Jagi nikalitoa. Sasa kila mtu anakinga kikombe chake kwenye koki, na koki naisugua kila Jumamosi. Tangu hapo kimya.

Kijana wa Kigamboni
Kabla hujanunua, onja maji yako. Mimi sikuonja.

Huku kwetu tunatumia kisima, na maji ni ya chumvi, chai ukinywa unajua. Nilinunua ndoo hizo hizo za Mama Pacha kwa matumaini makubwa. Asubuhi nikakinga glasi ya kwanza: maji meupe, yanang'aa, na chumvi iko pale pale. Nikadhani jiwe bovu, nikabadilisha. Chumvi. Nikaongeza lenye mkaa ndani. Chumvi! Fundi mmoja ndiye aliyenielewesha kwamba chumvi imeshayeyuka, haina punje ya kunaswa, inapita kwenye jiwe pamoja na maji. Jiwe linazuia tope na vijidudu vya kuharisha, mkaa unapunguza harufu na ladha ya klorini, ile dawa ya maji, basi. Chumvi unaitoa kwa ile mitambo ya laki nne, au unanunua ya kunywa kama zamani. Mimi sasa nanunua ya kunywa, ya kisima ni ya kuogea, na ndoo zangu nimempa shemeji Tabata.

Fundi Koki
Kijana amesema kweli. Naongezea kuhusu hiyo mitambo, maana nimeifunga mingi na nimeifungua mingi zaidi.

Ule utando wake wa ndani unataka maji yasukumwe kwa nguvu, baa tatu hivi (baa ni kipimo cha msukumo). Sasa simtanki likiwa juu ya stendi ya mita tatu linakupa kama baa 0.3, maana kila mita 10 za kimo ndiyo baa moja. Piga hesabu. Bila pampu yake ya umeme hautoi kitu, na LUKU ikikata ni pambo la ukutani. Tena kuna maji unayoyamwaga: katika mitambo ya kawaida ya majumbani, kwa ndoo moja ya kunywa zinatoka ndoo mbili hata tatu za maji yenye chumvi zaidi. Choo na kudekia sawa, mchicha usimwagilie. Ukiwa unanunua maji ya boza, hapo unamwaga hela.

Na ukuta ndugu zangu. Mteja wangu mmoja alinitobolesha tailizi za jikoni bila kumwambia mwenye nyumba. Siku ya kuhama walisimama pale wawili na mkanda wa kupimia, wanahesabu tailizi.

Ticha wa Kemia
Naomba nisimulie la muuzaji wa mlangoni, huenda likaokoa laki nne za mtu.

Alikuja Jumapili, shati limenyooka, begi la magurudumu. Akaomba glasi mbili. Moja akaweka maji ya bomba yetu, ya pili maji aliyokuja nayo "yaliyopita kwenye mashine". Akatoa kidude chenye vyuma vinne vinavyoning'inia, viwili kila glasi, akachomeka kwenye umeme. Dakika haikuisha, glasi ya maji yetu ikaanza kuwa ya kijani, ikaingia kahawia, ikatoa mapovu na masizi kama maji ya kuoshea karburetta. Ya kwake nyeupe pe. Mama mkwe wangu akashika mdomo: "Haya ndiyo tunayokunywa?"

Mimi nafundisha kidato cha tatu. Nikamwambia kijana, subiri. Nikaenda jikoni nikaja na chumvi ya kupikia, nikatia ya kushika kwa vidole viwili tu kwenye glasi yake ile safi, nikakoroga. "Washa tena." Hakutaka. Nikamwambia, "Mwanangu, kwangu uko salama, washa." Glasi yake nayo ikageuka kahawia, na ikapita ya kwetu.

Kinachotokea ni hiki: chuma chenyewe kinaliwa na umeme na kutoa kutu ndani ya maji. Maji yenye madini yanapitisha umeme, kwa hiyo kutu inatoka. Maji yaliyotolewa madini hayapitishi, kwa hiyo hakuna kitu. Ule uchafu haukuwamo kwenye glasi, umetoka kwenye kile chuma. Sisemi mashine yake ilikuwa mbovu. Nasema onyesho lile halipimi vijidudu hata kimoja.

Vilevile kile kipimo kama kalamu kinachoonyesha namba za TDS. Kinahesabu chumvi na madini yaliyoyeyuka. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati lenye kinyesi cha kunguru yatakusomea namba ndogo ya kupendeza kabisa.

Bin Kisauni
Hapa Mombasa twanunua kwa mitungi ya lita 20, yaja kwa mkokoteni, na mwenye mkokoteni ukimuuliza ayatoa wapi akwambia "bombani". Lipi bomba, ajua Mungu. Mimi sina chujio. Natia kile kidonge cha dawa ya maji, kimoja kwa mtungi wa lita 20, nangoja nusu saa, basi. Harufu kidogo ipo, wageni wa bara walalamika. Nikiyaacha kwenye mtungi wa udongo hadi asubuhi, harufu yapungua.

Mama Pacha
Bin Kisauni, mbona hata mimi wakati wa kipindupindu natia hicho hicho kidonge kwenye ndoo ya chini baada ya kuchuja. Nesi wa kliniki ndiye aliyeniambia: jiwe halizuii virusi vizuri, vyenyewe ni vidogo mno, na dawa nayo haifanyi kazi sawasawa kwenye maji ya tope. Moja linamsaidia mwenzake. Ila tia baada ya kuchuja. Ukitia juu, na jiwe lako ni lile lenye mkaa ndani, mkaa unaimeza dawa yote.

Mmeru wa Usa
Watu wa Dar mna bahati, tatizo lenu mnaliona au mnalionja. Letu halionekani, halinuki, halina ladha. Ni floraidi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji, yakizidi yanatia meno rangi ya kahawia. Nimekulia karibu na Maji ya Chai, njia ya kwenda Moshi, angalieni meno yangu mtaelewa. Shuleni Dodoma walikuwa wananiita Chai ya Rangi.

Nimepanga Usa River sasa na nina binti wa miaka minne, meno ya ukubwani yake yanajengwa sasa hivi huko kwenye fizi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na huku visima vingi vinavuka hapo kwa mbali. Kuchemsha hakusaidii. Unapochemsha maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Ndoo za mawe hazitoi. Na bibi zetu wanatia magadi kwenye makande, ambayo nayo yana floraidi, lakini hilo ukilisema kwenye kikao cha ukoo utafute pa kulala.

Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa. Ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kituo cha Ngurdoto wameifanyia kazi miaka mingi. Lipo pia chujio la Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha, lile lililompa tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Mimi natumia ndoo ya mkaa wa mifupa, inabebeka. Shida yake ni kwamba mkaa ukichoka hauambii mtu. Maji yanaendelea kutoka meupe vilevile. Lazima uyapeleke kupimwa, na mimi nimeweka kikumbusho kwenye simu.

Shangazi Ubungo
Mdogo wangu alikuja likizo kutoka Uingereza akaniletea jagi la kuchujia, zuri, la kuweka mezani. Nikalitumia miezi minne na maji ya boza. Mpwa wangu ndiye aliyesoma boksi: litumike kwa maji ambayo tayari ni salama. Kumbe kazi yake kule kwao ni kutoa ladha ya dawa tu! Sasa nimetia maua.

Mpangaji wa Segerea
Shangazi shikamoo, umenivunja mbavu. Asanteni wote. Nimeonja ya kwetu kama Kijana alivyosema, chumvi hakuna, ya boza na ya bomba yote. Shida yetu ni tope na mashaka. Nimechukua ndoo za plastiki, mawe mawili, elfu 65 baada ya mabishano marefu. Maswali mawili: siku ya boza maji yanakuja rangi ya udongo, jiwe halitaziba? Na ladha ya udongo ya mawe mapya inaisha lini?

Mama Pacha
Ladha: mwaga ndoo mbili tatu za mwanzo, itaisha. Maji ya boza usiyatie moja kwa moja, utalia. Yaache kwenye ndoo nyingine yatulie usiku, chota ya juu, pitisha kwenye kanga iliyokunjwa mara nne, ndipo utie. Mama yangu alikuwa anazungusha shabu kidogo yatulie haraka, kwao Mtwara mbegu za mlonge. Jiwe likianza kuchelewa, litoe ulisugue kwa mswaki mpya chini ya maji safi mpaka lirudi jeupe. Sabuni usiguse, litainywa na utainywa wewe. Kila ukisugua linapungua unene, kwa hiyo siku moja litataka kubadilishwa. Ulizia kabisa kama pale uliponunua wanauza jiwe peke yake, maana wengine wanataka ununue seti nzima upya.

Fundi Koki
Na lisidondoke. Ufa mwembamba kama unywele huuoni kwa macho, na maji yatapita humo bila kuchujwa hata tone. Kupima ni rahisi: lizamishe kwenye ndoo ya maji mpaka lilowe kabisa, halafu likiwa bado ndani ya maji, puliza kwa mdomo kwenye kile kibomba chake cha chini. Jiwe zima halitoi mapovu ya maana. Mapovu yakitoka mfululizo sehemu moja, hapo ndipo penye ufa. Pima hata likiwa jipya, limetoka mbali hilo. Ukimaliza kioshe kibomba.

Mpangaji wa Segerea
Nimepuliza yote mawili, watoto wamezunguka ndoo wanadhani ni mchezo. La kwanza kimya. La pili mapovu yanatoka kwenye shingo, pale jiwe lilipogundishwa na plastiki. Nimeliziba tundu lake kwenye ndoo kwa kizibo walichoweka kwenye boksi, tunatumia moja. Kariakoo nakwenda Jumamosi, risiti ninayo.